Nilirekodi kanda yangu juu ya dungu, msimu wa kuamia ndege

Wakuu, nawasalimu nyote kwa heshima. Walio wadogo kwangu, shikamoo zenu nimekwisha kuziitikia kabla hamjazitoa.

Maneno haya ni yangu. Vidole ni vya mjukuu wangu Zuhura, kwa kuwa mimi shuleni sikuingia hata kuomba maji. Nimemkataza kuongeza vikatuni vya kucheka. Yaliyomo humu yalinitokea mimi mwenyewe, na chumvi sikutia.

Nilikuwa mwimbaji. Si wa taarabu, wala si wa bendi. Gitaa kavu moja, sauti moja, na nyimbo nilizozitunga na kuzihifadhi kichwani. Gitaa aliniachia kaka yangu alipochoka kupiga muziki mjini.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mitumba imeingia, redio za kaseti zimefika hadi kwetu Maparoni, huku delta, kila mtu kawa mfanyabiashara. Mume wangu naye akaenda Dar es Salaam kuuza mitumba. Msimu wa kwanza hakurudi, alituma koti.

Koti zito la manyoya, la watu wa theluji. Kwetu delta, wakuu, mchana hata kanga ni nzito.

Nikatunga wimbo juu ya koti lile, nikaupeleka Dar kwa mwenye studio mmoja. Akasikiliza nusu, akasema, "Mama, sauti unayo, lakini gitaa tupu nani atalicheza? Tukutilie kinanda, na vijana wa kuitikia."

Nikamjibu, "Baba, mume ni wangu peke yangu. Hao vijana wataitikia nini?"

Nikarudi nyumbani. Kosa langu la kwanza ni kujitapa kisimani: kwamba nitatoa kanda kwa mkono wangu, na nikishindwa kuimba mbele za watu, gitaa litaingia jikoni liwe kuni. Wifi zangu walikuwepo. Kuni hizo walizitamani siku nyingi.

Kijijini hapakuwa na utulivu, basi nikaazima redio ya kaseti, nikapanda juu ya dungu langu, kile kibanda cha miti mirefu tunachokaa kulinda mpunga. Lakini mpunga ulikuwa umeanza kushika maziwa, na wakati huo ni lazima kuamia ndege, kuwafukuza kwa kelele na debe, kutwa nzima. Ukinyamaza kwa muda wa wimbo mmoja, wale ndege kwelea wamevuna kabla yako.

Nikamwendea mtani wangu Athumani, wa shamba la pili. "Mtani, leo niamie na kwangu. Mimi nataka kimya."

"Imba, mtani," akasema. "Leo hata inzi hatui."

Mwenye akili amekwisha kuliona kosa la pili. Mlinzi wa mashamba mawili hupiga kelele za mashamba mawili.

Mtaniuliza: hukumsikia? Sikumsikia. Aliyekulia mpungani hazisikii kelele za kuamia, kama ninyi wa mjini msivyoyasikia magari.

Jioni, nilipoirudisha kanda kuisikiliza, ndipo nikasikia. Mimi naimba, "Mume wangu, nakungoja mlangoni," na kutoka mbali, kwa mdundo wa debe, Athumani ananguruma: "Toka! Umekula vya kutosha, mlafi wee!"

Beti zote nne. Pale pale.

Betri zilikuwa zimekwisha, na mwenye redio alikuwa akiidai. Nikaipeleka kanda hivyo hivyo kwa fundi redio wa Kibiti, akatoa nakala moja moja, nikaziuza mwenyewe stendi.

Wakuu, zilinunuliwa! Kila mtu alijua kuwa ni ndege wanafukuzwa, na kila mtu alicheka kana kwamba hajui. Hadi Nyamwage watu wakaulizia "kanda ya mlafi". Jina langu hawakuliulizia.

Nikaalikwa harusini Kibiti. Hapo ndipo gitaa lilipowekwa rehani. Wifi zangu walikaa mstari wa mbele.

Nikaimba. Nilipofika pale pa "nakungoja mlangoni", harusi nzima ikapaza sauti: "Toka! Mlafi wee!"

Nikasimamisha gitaa. "Nimealikwa kuimba au kuamia? Mwenye kelele aende shambani, mpunga upo!"

Nikaanza upya. Nikafika mlangoni. Hakuna aliyekohoa. Na vidole vyangu, bila kuniuliza, vikasimama. Wimbo ulikuwa umekwisha kuzoea kujibiwa, na sasa ulikuwa na shimo, nami nimesimama ukingoni. Wifi mkubwa akatabasamu.

Nikainua macho nitafute pa kutazama. Kando ya masufuria ya pilau, sahani mkononi, alisimama mume wangu. Alikuja na lori la mitumba, bila taarifa, na kwangu hajafika.

Nikapumua hadi tumboni. "TOKA! Umekula vya kutosha, mlafi wee!"

Sahani ikaanguka. Harusi ikalipuka. Nilirudishwa kuimba mara tano.

Gitaa halikuwa kuni. Liliniimbisha miaka mingi baadaye. Mume alirejea nyumbani, na kijiji kikamwita Kwelea hadi alipozeeka. Athumani, kwa haki ya utani, alichukua jogoo wangu kama ujira wa kuitikia.

Funzo, hasa kwa vijana mnaorekodi vyumbani kwa simu: msikilize kwanza zile sauti mlizokwisha kuzizoea, maana ndizo msizozisikia. Na kama watu wameupenda wimbo wako kwa sababu usiyoitaka, usiwagombeze haraka kama nilivyofanya mimi.

Mwenye kisa cha kufanana na hiki akilete hapa. Mwenye kejeli naye aandike. Zuhura atanisomea yote, na majibu nitayatoa baada ya swala ya alasiri.