Nilimwambia Mdogo Wangu Akampigie Meya Kura

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla hujaanza kumtafuta mwingine wa kumlaumu, maana mimi mwenyewe nilimtafuta sana na sikumpata.

Jina siandiki. Naishi Norsborg, pembezoni mwa Stockholm, kwenye mwisho wa treni ya chini ya ardhi, na kazi yangu ni kuzunguka nyumba za wazee: kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwapashia chakula. Asili yangu ni Kivu, mashariki ya Kongo. Nilikaa kambini Tanzania miaka mingi, halafu nikaletwa Sweden na wanangu wawili. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye nitamwita Byamungu ingawa si jina lake, yeye alipelekwa Amerika. Mji wenyewe si mkubwa, si mdogo. Una kiwanda cha nyama, na wengi wa watu wetu wanafanya kazi humo.

Mama yetu alifia kambini Byamungu akiwa na miaka tisa. Nilimlea mimi. Nikisema kaa, anakaa. Nikisema kula, anakula. Hata alipooa na kupata watoto, Yaya, yaani dada mkubwa, akishasema, limeshasemwa. Nami nilijivunia hilo! Mungu anisamehe, nilijivunia mno.

Sasa sikiliza nilivyomwangamiza.

Huku Sweden, mgeni akishaandikishwa hapa miaka mitatu anaruhusiwa kuchagua viongozi wa manispaa, hata kama hana uraia. Mara yangu ya kwanza, kadi ililetwa na posta hadi mlangoni. Nilivaa kitenge changu cha kanisani, nikaenda shule ya jirani, nikatumbukiza bahasha yangu, nikatoka nalia. Mimi! Mimi ambaye maisha yangu yote watu walikuwa wakinipangia pa kulala na kipimo cha unga!

Tangu siku hiyo sikumwacha mtu apumue. Baada ya ibada nasimama mlangoni: umeshapiga kura wewe? Unangoja nini? Wakaniita Mama Siasa. Nikalipenda jina.

Basi siku moja Byamungu ananiambia kwenye simu kwamba mji wao unakwenda kuchagua meya. Meya aliyekuwepo alikuwa ameliondoa basi la kwenda kiwandani, watu wakawa wanatembea kwa miguu kando ya barabara kuu, kwenye theluji. Mama mmoja Mrundi aligongwa na gari akavunjika nyonga. Mgombea mpya alikuwa anaahidi kulirudisha lile basi.

"Basi mchague huyo!" nikamwambia.

"Yaya, mimi sijapata uraia."

"Kwani mimi ninao? Mbona napiga?"

"Hapa ni Amerika, Yaya."

"Meya si rais! Meya ni wa mji. Unakaa mjini, unalipa kodi mjini, basi mji ni wako."

Hakukubali siku hiyo. Laiti ningemwacha!

Lakini mimi nikitaka jambo, natafuta ushahidi. Na ushahidi niliupata Tumba, mtaa wa jirani, kwa bibi mmoja ninayemhudumia. Nilipomtajia mji anakoishi mdogo wangu, alicheka, akanionyesha barua ya zamani ya ndugu wa babu yake. Kumbe Waswidi walihamia kule kwa wingi zamani! Bibi akanisomea polepole: yule ndugu anaandika kwamba hata mwaka haujaisha tangu ashuke melini, na tayari amemchagua meya.

Hata mwaka haujaisha! Nilitoka kwa bibi yule karibu nikimbie.

Nikaitafuta historia ya uchaguzi wa mameya wa mji ule kwenye simu, nimekaa kituo cha basi, simu ikinitafsiria kwa Kifaransa. Ilikuwa tamu kama hadithi. Meya wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Akafuata mwenye kiwanda cha bia, aliyewanunulia wapiga kura pombe mpaka uchaguzi ukarudiwa. Kisha fundi viatu, mzaliwa wa hukuhuku Sweden, aliyeshinda kwa kura chache, hata waliompigia wangeenea ndani ya chumba kimoja. Na hapo pakaandikwa wazi: enzi zile, mgeni aliyetangaza tu nia ya kuwa raia aliruhusiwa kupiga kura.

Basi langu likafika. Nikafunga simu, nikapanda.

Wewe unayesoma, elewa hilo vizuri. Sikusoma aya iliyofuata. Niliisoma mwaka jana, mambo yalipokwisha kuharibika. Ilikuwa mistari miwili: sheria ile ilifutwa, na tangu hapo ni raia peke yao. Mistari miwili! Ilikuwa pale siku zote, inaningoja nishushe kidole.

Nilimrekodia Byamungu sauti nne, ndefu ndefu. Nikamsimulia yule fundi viatu. Nikamwambia, Waswidi walifanya, sisi kwa nini tusifanye? Wao walikuwa na damu gani?

Aliyenijibu ni mkewe, Mama Gloire. Ni mwanamke mpole, hajawahi kunipandishia sauti.

"Wifi, samahani," akasema. "Tulipofika huku tulifundishwa, kura usiiguse mpaka siku utakayoapishwa kuwa raia."

"Mlifundishwa na nani?"

"Na yule mama wa ofisi ya wakimbizi."

"Huyo anataka mkae kimya! Watu wanavunjika miguu barabarani na nyinyi mnaogopa? Mama Gloire, wewe kambi haijakutoka. Mpaka leo ukimwona mtu na karatasi mkononi unatetemeka."

"Sawa, wifi. Wewe ndiye mkubwa." Akamrudishia mumewe simu.

Wiki ile ile, watu waliokuwa wanaandikisha wapiga kura walisimama nje ya duka la vyakula vya Kiafrika, wakampa Byamungu fomu. Akanipigia kutoka palepale dukani, fomu mkononi. Kiingereza chake ni cha kiwandani, cha kisu na mashine.

"Yaya, hapa kuna swali, wanauliza kama mimi ni raia."

Unajua kwetu Kongo raia ni mtu yeyote asiye askari, nami nikalishika neno kwa maana hiyo, nikasahau uraia aliokuwa amenitajia. Basi nikacheka. Ndiyo, nilicheka! Nikamwambia, "Kwani wewe ni mwanajeshi? Tia alama, mdogo wangu."

"C'est sûr, Yaya? Una hakika?"

"Kabisa."

Akatia alama, akasaini.

Baada ya majuma kadhaa kadi ikamfikia kwa posta, ina jina lake na mhuri. Nikamwambia, unaona? Wenyewe wamekukubali. Na hapo hata Mama Gloire aliacha kupinga, maana serikali ikishakuletea kadi nyumbani, nani atabisha?

Siku ya kura alinitumia picha. Amevaa koti la suti, kifuani amebandika karatasi ndogo waliyompa, yenye maneno kwamba amepiga kura. Anatabasamu kama mtoto aliyepewa viatu vipya. Niliiweka picha ile kwenye kundi letu la kanisa, nikaandika: Damu yangu hiyo! Watu wakashangilia.

Mgombea wake alishinda. Basi likarudi. Byamungu akawa analipanda kila asubuhi kwenda kazini, na kila asubuhi mimi nilijiona nimelirudisha mimi.

Miaka miwili ikapita hivyo. Kimya. Ukimya ule ninauogopa mpaka leo, kwa sababu jambo lilikuwa limeshafanyika, limekaa kwenye faili mahali fulani, na sisi tunakula na kucheka.

Zamu yake ya kuomba uraia ikafika. Aliitwa kwenye mahojiano, akanipigia kwanza tuombe pamoja. Yaliyotokea ndani alinisimulia mwenyewe baadaye. Ofisa alikuwa mwanamke mchangamfu, akamuuliza habari za watoto, kazi, kanisa. Halafu akauliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa: umewahi kupiga kura katika nchi hii?

Byamungu alifurahi! Alidhani hilo ndilo litakalompa alama. Akasema, "Ndiyo, mama. Nilimchagua meya."

Ofisa akaacha kuandika kwenye kompyuta. Akamwomba arudie. Akarudia. Akatoka nje, akarudi na mwanamume ambaye hakujitambulisha, naye akauliza swali lile lile mara ya tatu.

"Yaya," aliniambia, "mule ndani pakawa baridi ghafla. Nimesema nini kibaya?"

Nikamwambia si kitu. Nikamwambia taratibu zao tu hizo.

Barua ikaja. Uraia umekataliwa. Ikaja ya pili: afike mbele ya hakimu wa uhamiaji, aeleze kwa nini asiondolewe nchini.

Na sasa ndugu yangu, shika moyo, maana lile la kwanza lilikuwa ujinga. Hili la pili lilikuwa uovu.

Mimi nilikuwa nimeomba uraia wa Sweden, nangoja jibu. Kila siku nasikia masharti yanabanwa, watu wanachunguzwa. Nikaanza kuziwaza zile sauti zangu nne. Sauti yangu mwenyewe, inamfundisha mtu kuvunja sheria ya nchi nyingine! Je, zikifika mikononi mwa watu?

Nikampigia. "Byamungu, zile sauti zangu za wakati wa kura, zifute. Zitakuharibia kesi."

"Zitaniharibia mimi?"

"Ndiyo. Futa zote. Na mimi nafuta zangu huku."

Hakuuliza mara ya pili. Alifuta palepale, akanirudia: "Tayari, Yaya."

Nilimwokoa nani? Nilijiokoa mimi, na nikamwambia ni yeye!

Haukuisha mwezi, wakili waliyemtafuta akamuuliza: una chochote kinachoonyesha kwamba ulidanganywa, kwamba hukufanya kwa hila? Ujumbe, barua, sauti, chochote. Byamungu akamjibu hana. Hakunitaja. Mama Gloire ndiye aliyenitaja. Wakili akaniandikia akitaka nieleze kwa maandishi kila nilichomwambia, nisaini, nitume haraka.

Nilikaa na ombi lile wiki tatu. Naliangalia naliacha. Nasema kesho. Nikifika kazini namwogesha mtu, namfuta maji, namvalisha soksi, na wakati wote naliwaza lile ombi. Siku niliyopata ujasiri wa kuandika, Byamungu alikuwa amekwenda kuripoti kwenye ofisi ya uhamiaji kama alivyoagizwa, na hakutoka; walimweka kizuizini. Mama Gloire alimngoja nje kwenye gari toka asubuhi hadi wanafunga milango.

Alikwenda hata kwa meya. Ndiyo, meya yule yule aliyepigiwa kura na mumewe! Alipokewa vizuri, akapewa kiti, akapewa pole. Meya akamwambia mambo ya uhamiaji hayako mikononi mwake.

Karatasi yangu ilisomwa mbele ya hakimu. Wakili anasema hakimu aliuliza jambo moja tu: hizo sauti ziko wapi? Dada anasema alituma sauti, mshtakiwa anasema zilifutwa, zilifutwa lini na kwa nini? Byamungu aliulizwa. Akajibu, "Nilizifuta mwenyewe." Akaishia hapo. Hata pale hakuniuza!

Hakimu ameamuru aondolewe. Wakili amekata rufaa, lakini ameshatuambia tusijidanganye.

Mama Gloire haongei nami. Nilimtumia maneno ya kuomba msamaha, ukurasa mzima. Alijibu baada ya siku nne: "Wifi, watoto wanauliza baba yuko wapi. Niambie, wewe ndiye mkubwa, niwajibu nini?"

Na uraia wangu? Umetoka. Bahasha ilikuja wiki ile ile ya hukumu. Mwanangu mkubwa aliifungua akapiga kelele, "Grattis, mamma!" yaani hongera, akanikumbatia. Nilikwenda bafuni nikafungua maji ili wasinisikie.

Kanisani nimeacha kusimama mlangoni. Wanaulizana nini kimempata Mama Siasa. Wapo wenye jamaa zao Amerika, Kanada, Australia. Nawasikia wakishauriana kwenye simu kule uani baada ya ibada, jaza hivi, sema hivi, huku kwetu ndivyo tunavyofanya. Nataka kuwapokonya zile simu.

Juzi Byamungu alipata nafasi ya kupiga. Dakika zinahesabiwa na kuna kelele za watu nyuma yake. Hakunilaumu. Ningependa anilaumu! Alisema wamemwambia ndege itamshusha Kinshasa. Kinshasa hajawahi kukanyaga. Kilingala hajui. Kwetu Kivu kuna vita, na barabara ya kufika huko haipo.

"Yaya," akasema, "nikishuka pale uwanja wa ndege nifikie kwa nani? Nielekee wapi?"

Ananiuliza mimi! Baada ya yote hayo, bado ananiuliza mimi, na najua nitakachosema ndicho atakachofanya.

Nikamwambia, "Sijui, mdogo wangu."

Ndugu zangu mlio mbali na wenu, mnaosikilizwa na wadogo zenu kama nilivyosikilizwa mimi: sheria haisafiri kwenye simu. Ya Stockholm ni ya Stockholm. Akikuuliza jambo la nchi usiyoikanyaga, mwambie hujui, amtafute anayejua, na umwambie hivyo kabla hajashika kalamu. Mimi neno hilo nilikuwa nalo kinywani tangu mwanzo, ila niliona aibu kulisema.

Nilipomwambia Byamungu kwamba sijui, simu ilinyamaza. Nikadhani dakika zimekwisha. Kumbe alikuwa bado yupo, anangoja niendelee.