Koti la Abdi na harufu kwa gari yangu

Jameni, leo nimeaibika hadi nikakosa pa kuangalia.

Jirani yangu Abdi huuza mbuzi soko la Bisil. Kila nikimpa lifti kurudi Kitengela, namwambia aweke koti lake kwa buti, ati linanuka mbuzi.
Anaweka tu. Hajawahi kulalamika.

Lakini harufu haikuisha.

Leo nikaamua kubadilisha filta ya hewa mwenyewe, ile hukaa nyuma ya dashibodi. Abdi akaja kunishikia tochi. Kabla aingie, akavua koti, akaweka kwa buti. Hata sikuwa nimemwambia!

Nikavuta filta.
Panya. Amekufa kitambo, ameoza.

Abdi akazima tochi. Akafungua buti, akavaa koti lake. Na hili jua la saa saba!

Nyinyi mngemwambia nini?
Mimi nilisema, "Asante kwa tochi."