Jiko la Kioo na Kamba ya Mama Neema

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka mwenyewe hata nikiwa peke yangu shambani. Ni siku niliyofunga jiko la mama yako kwa kufuli, ufunguo nikautia mfukoni, nikaenda kukaa sebuleni na wageni nikijiona mwanaume aliyemkomboa mke wake. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Dada yako Neema ndiyo kwanza alikuwa ameanza mafundisho ya kipaimara.

Nakuandikia leo kwa sababu nimeziona picha ulizonitumia kwenye simu. Majiko saba! Yote yanang'aa, na chini ya kila picha umeandika, "Baba, lipi linafaa?" Unaoa Desemba, nyumba yako imeshaezekwa, na unataka bibi harusi akute oveni na jiko vimeshakaa mahali pake. Nia yako ni njema. Hata yangu ilikuwa njema. Kaa kwanza nikueleze ilinifikisha wapi, halafu nikueleze tulivyoshinda, maana tulishinda, tena kwa kishindo.

Kazi yangu unaijua, nilikuwa mpishi wa watalii wanaopanda mlima. Nilitaka kusema bila kujisifu, lakini hebu nijisifu kidogo, umri umeniruhusu. Nimeoka mkate kwenye kambi ambako maji ya ndoo yanaganda, kwa jiko la gesi la moto mmoja na sufuria mbili zilizofunikana. Wageni walipiga picha na mkate wangu kabla ya kupiga picha na mlima. Lakini nikirudi Machame, nikishavua vile viatu vizito, nilikuwa nasahau kila kitu. Ndivyo tulivyokuwa wanaume wengi wa kwetu. Huko juu tunapika kwa mshahara, tukifika nyumbani tunajifanya hatujui chumvi inakaa wapi. Nilikuwa nakaa sebuleni nasubiri mtori wa ndizi uletwe.

Mama yako alikuwa anapikia jiko la nje, kibanda chenye mafiga matatu na kuni. Moshi ulikuwa unamuumiza macho. Keki alikuwa anaoka kwa makaa juu na makaa chini ya sufuria, keki moja mchana mzima, na bado wanawake wa usharika walikuwa wanakuja kumwomba awaokee. Nilimwonea huruma, na nilimpenda, na nilitaka watu wajue kwamba nampenda. Hapo kwenye "watu wajue" ndipo palipoharibika.

Safari moja wageni walinipa bakshishi nzuri. Sikumwambia mtu. Niliposhuka nikapitia Moshi mjini, nikaingia duka la vyombo vya umeme, nikaona jiko limesimama peke yake karibu na mlango. Juu kioo cheusi kitupu, chini oveni yenye taa ndani yake. Nilijiona kwenye kile kioo nikiwa na kofia yangu ya mlimani, nikapendeza kweli. Sikuuliza swali hata moja. Nililipa.

Gari liliishia barabarani kwa sababu ya matope, kwa hiyo wapagazi wanne, rafiki zangu, walilibeba mabegani hadi nyumbani huku wakiimba. Majirani walitoka migombani kutazama. Mama yako alifuta mikono kwenye kanga, akalizunguka jiko lile mara moja, polepole.

"Asante, Baba Neema. Ni zuri," akasema. Halafu akauliza, "Sufuria kubwa itakaa wapi?"

Mimi nilisikia ile asante. Swali sikulisikia.

Jumamosi iliyofuata jumuiya yetu ya usharika ilikuwa inasali kwetu, na ni desturi wageni wa sala wasiondoke na njaa. Nilijua mama yako ataenda kwenye kuni zake. Basi asubuhi nikafunga mlango wa jiko la nje kwa kufuli, nikamwambia kwa furaha, "Leo hapa hakuna moshi!" Aliniangalia, akaenda kumenya ndizi.

Nilichokuja kuelezwa baadaye ni hiki. Sufuria ya machalari, zile ndizi za nyama, ilipowekwa juu ya kioo ilizidi lile duara la moto pande zote, ikaegemea swichi za mbele, na swichi zenyewe zilikuwa za plastiki. Sufuria ilipopata moto zikaanza kulainika. Kisha umeme nao ukapungua, jambo la kawaida huku juu, kwa hiyo nyama ilikaa kwenye maji ya vuguvugu bila kuchemka. Mama yako akasema basi angalau aoke keki. Akavuta mlango wa oveni, ukashuka nusu, ukagonga meza ya simenti iliyo mbele yake humo jikoni ndani. Meza hiyo niliijenga mimi mwenyewe, na urefu wake nilikuwa naujua vizuri, ila sikuukumbuka nilipokuwa najitazama kwenye kioo dukani.

Sebuleni tulishamaliza neno, tukamaliza sala, tukamaliza matangazo. Chakula hakiji. Mwinjilisti aliyeongoza sala, mtu mstaarabu sana, akaongeza wimbo. Ukaisha. Akaongeza mwingine. Kwenye wimbo wa nne sauti zilianza kupungua kwa njaa, na harufu ya plastiki ilikuwa imeshafika. Ndipo mama yako akaingia, akainama kwa heshima mbele ya wazee, akanyoosha kiganja.

"Baba Neema, naomba ufunguo."

Hakufoka. Angefoka ningepona. Nilipapasa mfuko huku watu wote wananitazama, nikampa. Wanawake wakatoka pamoja naye, kuni zikawashwa, na chakula kikaja. Hakuna aliyenicheka pale. Walinichekea njiani, karibu na mfereji, na upepo uliniletea vicheko vyote.

Mzee Elinami ndiye aliyebaki. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, mpishi mkuu wangu wa kwanza kule mlimani, na nilimheshimu kuliko mtu yeyote. Aliomba chai nyingine, akaninong'oneza.

"Kijana, umewahi kupandisha mlimani jiko ambalo hukuliwasha kwanza getini, kabla ya kupanda?"

"Hapana, mzee. Likigoma juu, wageni watalala njaa."

"Unaliwasha na sufuria gani?"

"Ileile tutakayopikia."

"Anayeliwasha ni nani?"

"Mpishi."

"Haya. Hapa nyumbani kwako mpishi ni nani?"

Akaweka kikombe mezani.

"Heshima uliyowapa wageni unaowajua kwa siku sita, mkeo hujampa. Mnunulie jiko au usimnunulie, hilo ni lako. Lakini kumfungia jiko lake mwanamke anayekulisha, hilo usirudie."

Maneno yale yaliniingia, mwanangu. Nilikuwa mwanaume mwenye mabega ya kubeba mzigo mlima mzima, nikalia pale sebuleni, na wala sioni aibu kukuambia. Asubuhi nilimwomba mama yako radhi, nikampa ufunguo na kufuli lenyewe. Alivipokea vyote viwili.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini kipaimara cha Neema kinakuja. Ukoo mzima utakuwa hapa, wa kwenu na wa kwetu, na jumuiya iliyoimba nyimbo nne itarudi. Sitaki kuaibika mara ya pili. Nitapikia jiko nitakalolichagua mwenyewe. Utanipeleka?"

"Nitakupeleka."

Lile la kioo lilibadilishwa swichi, likamwendea mwalimu mmoja kijana wa mjini, aliyekuwa anaishi peke yake na visufuria vyake viwili. Analisifu mpaka leo. Jiko halikuwa baya. Lilikuwa la mtu mwingine tu.

Sasa msikilize mama yako alivyofanya. Alichukua kamba ya katani, akaipima kwenye kitako cha sufuria kubwa, akafunga fundo. Akapima kutoka ukutani oveni itakapoegemea hadi kwenye meza yangu ya simenti, akafunga fundo. Akasimama wima, akapima kutoka sakafuni hadi kiunoni pake, maana mama yako ni mfupi unavyomjua, na jiko refu lingempa kazi ya kuchungulia chakula chake. Fundo la tatu. Akaifunga sufuria kwenye kanga, trei ya keki akanipa mimi, tukapandia gari pale Kwa Sadala, hadi mjini.

Dukani kijana muuzaji alimwamkia vizuri, "Shikamoo mama," halafu akamvuta moja kwa moja kwenye majiko ya kioo. "Hili ndilo la kisasa, mama. Wote wanachukua hili."

"Marahaba. Mimi sipiki kioo, baba. Napika machalari," akasema, akafungua kanga na kuitoa sufuria.

Kijana akacheka. Wateja wawili wakageuka. Mama yako hakujali. Aliipandisha sufuria juu ya jiko la kwanza, akatikisa kichwa. La pili, ikayumba. La tatu, ikafunika swichi, naye akanitazama kidogo, mimi nikatazama dari. Alifungua milango ya oveni hadi mwisho, akapima kwa kamba. Aliingiza trei. Aliuliza mtungi wa gesi wa jiko hili unapatikana Kwa Sadala au mpaka mjini, swichi ikikatika ataipata wapi, na umeme ukiwa mdogo oveni itafanyaje. Kijana akaacha kucheka, akaanza kwenda kuuliza nyuma. Mwenye duka mwenyewe akatoka, mama mmoja wa mjini aliyejitanda ushungi, akasimama kumtazama mwenzake akifanya kazi.

"Kijana," mwenye duka akasema, "lete mtungi na ndoo ya maji. Mteja huyu anajua anachotaka."

Wakafunga gesi kwenye jiko ambalo lilikuwa limesukumwa pembeni kabisa, la rangi ya maziwa, lenye mkwaruzo ubavuni. Juu lilikuwa na vyuma vipana na moto wa kuaminika, swichi zake ziko mbali na sufuria, na oveni yake ni ya gesi. Mama yako akajaza maji ile sufuria kubwa, akawasha. Alikataa kiti. Tulisimama wote, mimi na trei yangu, wateja, hata mpita njia aliyechungulia mlangoni, tukisubiri maji ya mtu yachemke. Na yalichemka! Yalichemka kwa kelele, mvuke ukapanda, na mwenye duka akapiga vigelegele mle ndani kana kwamba kumezaliwa mtoto. Sijawahi kujivunia mke wangu namna ile. Niliwahi kufika kileleni na wageni nikapigiwa makofi, lakini sikusikia raha niliyoisikia pale kati ya mafriji.

"Nitalichukua hili," mama yako akasema.

Siku ya kipaimara, Neema alitoka kanisani na gauni lake jeupe, na watu wakaja mpaka tukaazima viti kwa majirani watatu. Mlango wa oveni ulishuka wote, ukabakiza nafasi ya kiganja mbele ya meza ya simenti. Trei za keki ziliingia na kutoka. Machalari yalichemka, na jiko la nje nalo lilikuwa linawaka kwa ajili ya nyama, maana mama yako hakulivunja na hajalivunja hadi leo. Na mimi? Nilikuwa ndani nimefunga aproni, nakanda unga wa mikate, mbele ya shemeji zangu wote. Walinitania nikawaambia wasubiri waonje. Wakaonja, wakanyamaza, wakaomba tena.

Mwinjilisti alipotoa sala, chakula kilikuwa kimeshapangwa. Hakuongeza wimbo hata mmoja. Mzee Elinami alikuja mpaka mlango wa jikoni na sahani yake, akanitazama na ule unga mikononi, akasema, "Naona safari hii liliwashwa getini." Mama yako akamwongezea nyama.

Basi, mwanangu, majiko yako saba siwezi kukuchagulia. Siyajui, na jikoni sitapika mimi. Mwonyeshe mchumba wako, kisha nyamaza umsikilize. Muulize anapika nini, anapikia watu wangapi, sufuria yake kubwa ina upana gani. Nendeni nayo dukani, na mtu akicheka mwacheni acheke. Pimeni mlango wa oveni ukiwa wazi, usiupime ukiwa umefungwa. Ulizeni moto wake utatoka wapi siku umeme ukiwa mdogo, na mtungi utaubeba kutoka wapi. Waombeni waliwashe mbele yenu. Jiko lolote la zamani mlilo nalo msilitupe mpaka jipya limelisha watu wakashiba. Na wewe ingia humo jikoni ukande unga. Hakuna kitu kitakachopungua kwako.

Kufuli lile liko kwenye msumari jikoni kwa mama yako. Umeliona tangu utotoni, ukadhani limesahauliwa. Kamba nakupa wewe, imo kwenye bahasha hii. Lakini usipimie jiko lako kwa mafundo hayo, hayo ni ya kiuno cha mama yako na ya meza yangu. Yafungue yote matatu. Mpe mkeo kamba ikiwa imenyooka, afunge ya kwake.

Mungu aliyetupa moto na chakula awape ninyi nyumba yenye harufu ya mkate. Wageni wenu washibe kabla nyimbo hazijaisha, na mikono inayowapikia isikose heshima chini ya paa lako.