Ngano Kwenye Kibuyu cha Shangazi

Hapana, sikuiba. Nimechoka kulisema hili. Ngano ile niliizoa chini, kiganja kimoja tu, na vumbi lake, nikaitia kwenye kibuyu cha kahawa. Anayeita ule wizi hajanywa kahawa ya shangazi yangu.

Shangazi ndiye aliyenilea. Aliuza kahawa kwenye geti la shamba la ngano la serikali, upande wa Basotu, asubuhi sisi washona magunia tukiingia kazini. Nani alikuwa na muda wa kukaa? Unalipa, unapewa kahawa kwenye kibuyu kilichozibwa kwa gunzi, unaondoka nacho. Jioni anakuja kukusanya vibuyu vyake, na wewe ndani umetia chochote: maharage kidogo, chumvi, hata kipande cha sabuni. Hiyo ndiyo asante yetu.

Dereva mmoja wa trekta, mgeni, alimwambia, "Chenji baki nayo, mama." Shangazi akamfuata mpaka kwenye trekta.

"Chukua hela yako! Nimekuomba mimi?"

Tulicheka sana. Kesho yake dereva akarudisha kibuyu kina chumvi, na tangu hapo alikuwa anajaziwa mpaka shingoni.

Sasa mavuno yakatubana. Wiki tatu nalala kambini, nyumbani Endasak kwenye shamba langu la maharage sijafika, mfukoni sina kitu, na kibuyu ninacho. Vidole vimevimba kwa sindano ya magunia, kichwa hakifanyi kazi. Nikaona ngano iliyomwagika chini ya mashine.

Jioni getini mlinzi akakitikisa kibuyu. Kikalia.

"Nini hii?"

"Asante ya shangazi."

"Shangazi yupi?"

Nikamwonyesha. Mimi mwenyewe, kwa kidole changu! Nilidhani akijua ni ya nani ataelewa.

"Kumbe mama kahawa ndiye anapokea mali ya shamba!"

Hapo nikawaka. Mtu mzima yule, hata shikamoo sikumpa. Nikamwambia hapa walilala ng'ombe wa babu kabla shamba halijawapo na yeye hajaijua ngano. Ningenyamaza, labda angeimwaga tu yakaisha. Akamgeukia shangazi, akamwambia akusanye vibuyu vyake na asionekane tena pale, asubuhi wala jioni.

Shangazi alifunga vibuyu kwenye kanga, akashika njia, mimi nyuma yake.

"Shangazi, nisamehe."

"Ungekirudisha kitupu, mwanangu. Ningejua tu umechoka."

"Lakini shangazi..."

"Tembea."

Hakurudi pale tena. Haikupita wiki, mwingine akawasha moto palepale, anauzia kwenye vikombe vya bati, na chenji anabaki nayo. Wenzangu wote wakahamia kwake. Mimi nilishona magunia na koo kavu mpaka mavuno yakaisha.

Na wewe unayeniita mwizi, kibuyu cha aliyekulea ungekirudisha kitupu?