Mlinzi wa Kituo cha Kwanza

Nakumbuka mkono kabla sijaukumbuka uso, mwanangu. Ulikuwa mkono mkubwa wa Mzungu, umewekwa juu ya meza yangu katika zahanati ya Migwani asubuhi moja ya miaka ya sabini, na haukuwa na kidole kilichonyooka. Kimoja kilielekea huku, kingine kule, kama mbuzi walioachwa bila mchungaji. Mwenyewe alikuja nimfunge kidole gumba alichokuwa amekibana mlangoni mwa darasa. Nikamfunga. Lakini macho yangu yalibaki kwa vile vingine, maana nesi akiona mfupa ulioungwa vibaya ni kama fundi cherehani aliyeona mshono uliopinda. Hatulii.

"Mwalimu, hivi vingine vilivunjwa na nini?" nikamuuliza.

"Mpira," akasema.

Nikacheka. Mpira tulioujua sisi ulikuwa wa kupigwa teke. Ni mpira gani huo wa kuvunja vidole?

"Hiki kilivunjika mji mmoja," akaendelea, akinionyesha, "hiki mji mwingine, na hiki siukumbuki mji. Kazi yangu ilikuwa kudaka."

Ngoja kwanza nikwambie alikuwa nani. Alikuwa Mwamerika aliyefundisha hesabu katika shule ya harambee pale karibu na soko. Kina mama wa kisima walimwita Mutua, jina ambalo kwetu Ukambani ni la mtu anayekaa, kwa sababu alikuja kwa mwaka mmoja, mwaka ukaisha, na bado walimwona asubuhi akiteka maji yake mwenyewe. Alikuwa mrefu, na kichwa kilishaanza kupata upara. Kiswahili chake kilikuwa kama changu cha wakati ule, cha kupandia mlima polepole.

Na mimi nilikuwa nani? Mimi nilikuwa Mwende, nesi kijana niliyekuwa na hasira. Nilikuwa nimetumika Migwani kwa bidii nikitarajia kupewa zahanati ile niisimamie. Badala yake nikaambiwa nahamishwa Tseikuru, kaskazini kabisa, mahali ambapo lori lenyewe hupumzika njiani. Kama hiyo haitoshi, kabla ya kwenda nilitakiwa nimfundishe kazi msichana aliyetoka chuoni juzi, ndiye achukue nafasi yangu. Niliona nimetupwa. Daktari mmoja mwenye kliniki yake Machakos alikuwa amesema nikitaka kazi niende, na moyoni nilikuwa nimekwisha kwenda.

Jioni ile nilimsimulia baba habari ya vidole. Baba yangu, Mzee Kilonzo, alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu, wa kuuliza. Mtu akipita na baiskeli, baba alitaka kujua mnyororo unajuaje wapi pa kushika. Pasta alipohubiri juu ya Yona, baba alimfuata nje kumuuliza yule samaki alitapika kwa sababu alishiba au kwa sababu aliumwa. Mama alikuwa akisema kwamba baba hata kaburini atauliza nani alichimba.

"Alikuwa analipwa kwa kudaka?" baba akauliza. "Kudaka tu?"

"Ndivyo alivyosema, Baba."

"Mlete Jumapili."

Mutua akaja. Mama akapakua muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, tukala, na kabla mgeni hajamaliza kunawa mikono baba alikuwa amekwisha kusimama katikati ya uwanja. Alitaka aonyeshwe mchezo wote. Basi wakaweka kigoda huku, debe pale, kiatu kimoja cha baba pembeni na cha pili mbele ya ghala, vikawa vituo vinne. Mutua akaeleza kwamba mtu mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa rungu, kisha anakimbia mbio kwenda kituo cha kwanza, ambacho siku hiyo kilikuwa debe la maji.

"Wenzangu wanaokota mpira huko mbali," akasema, "wananirushia mimi. Mimi nasimama hapa, mguu mmoja umegusa debe. Mpira ukinifikia kabla ya yule anayekimbia, yeye ametoka."

"Kwa hiyo wewe ni askari wa lango," baba akasema.

"Karibu hivyo, mzee."

"Na wakikurushia vibaya?"

Hapo Mutua alitabasamu kama mtu aliyeulizwa habari ya mtoto wake. Akaweka kisigino kwenye debe, akanyoosha mguu wa pili mbele hadi tukadhani atapasuka, mkono wake ukafika karibu na jiko la mama. "Nafanya hivi. Ukija juu, naruka. Ukija chini kwenye vumbi, nauchota. Lakini mguu hautoki."

Baba akataka kujaribu. Mzee mzima, mwanangu, na suti yake ya kanisa! Mutua akamrushia limau, baba akaliangusha. La pili likampiga kifuani. La tatu akalidaka, na alivyoshangilia utadhani amedaka kwale. Mama alimkumbusha kwamba majirani wanapita njiani. Baba akamjibu kwamba nao wakaribie, malimau bado yapo.

Walipoketi, maswali yakaanza upya, na polepole maisha ya yule mtu yakatoka. Alianza kucheza kwa malipo akiwa kijana sana. Kule kwao, alisema, michezo imepangwa kama ngazi, na kila mji mdogo una timu yake kwenye ngazi za chini. Timu ilikuwa inaweza kumpa timu nyingine mchezaji leo, kesho akaamkia safari. Aliwahi kulala katika mji mmoja akiwa na nguo zake zimeanikwa kwenye kamba, asubuhi akaambiwa ni wa timu nyingine, akaziweka kwenye mfuko zikiwa bado mbichi. Alipanga vyumba kwa wajane. Alilala kwenye basi akiwa amekunja magoti hadi masikioni. Wakati wa baridi, michezo ikisimama, alipakia magunia kwenye maghala.

"Na juu kabisa ya ngazi, ulifika?" baba akauliza.

"Nilifika. Mlinzi wao wa kituo cha kwanza aliteguka mguu, wakaniita mimi. Uwanja ulikuwa mkubwa, watu wengi kama siafu, taa mpaka ukafikiri ni mchana. Nikacheza. Mwezi haukuisha, yule mwenyewe akapona, nikarudishwa chini kwa basi. Sikuitwa tena. Lakini niliendelea kucheza miaka mingi baadaye."

Hapo ndipo ulimi wangu ukanitangulia. "Kwa hiyo, mwalimu," nikasema, "hukufaulu."

Mutua alitazama mikono yake. "Watu wengi husema hivyo," akajibu kwa upole, kisha mama, ambaye alikuwa na akili kuliko sisi sote, akamwomba aende akaone mbuzi wake waliozaa mapacha.

Baba aliniita kando. Hakupandisha sauti. Aliniita Mwaitu, yaani mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na alipoliita jina hilo polepole nilijua kuna neno.

"Mwaitu, mimi nimeuliza maswali tangu tule, na yule mtu amekuwa akichangamka. Wewe umeuliza moja, naye akainamia mikono yake. Unajua ni kwa nini?"

"Nimesema ukweli tu, Baba."

"Ukweli gani? Wewe hukuuliza. Ulikuwa na hukumu mkononi, ukaivika nguo za swali. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini anayeuliza na jibu lake mfukoni ni mbaya zaidi, maana anamnyima na mwenzake nafasi ya kusema. Mtu ametembea nchi nzima akidaka mipira ya wengine, na wewe unachotaka kujua ni alisimama ngazi ya ngapi." Akavaa viatu vyake, vile vilivyokuwa vituo. "Jua linashuka. Msindikize mgeni. Na umuulize kama mtu asiyejua."

Tukatembea hadi njia ya soko, mahindi yakiwa yametufika mabegani, kwa maana mvua za Novemba zilikuwa njema mwaka ule. Nilitafuta swali. Si rahisi, mwanangu, kutafuta swali ambalo hulijui jibu lake. Mwishowe nikasema, "Mwalimu, miaka ile baada ya kurudishwa chini, ulikuwa ukiamka asubuhi ukiwaza nini?"

Akasimama. "Hilo hakuna mtu amewahi kuniuliza," akasema. "Wote huuliza ule mwezi wa juu."

Kisha akanieleza. Alikuwa akiamka akiwaza uwanja wa siku hiyo, kama udongo wake ni mgumu au ni laini, maana mpira huruka tofauti. Alikuwa akiwaza wale vijana waliomrushia. Wengi walikuwa na miaka kumi na minane, wana hofu, wanarusha ovyo. Kule kwao, alisema, kuna mtu huketi juu akihesabu makosa ya kila mchezaji, na kijana akihesabiwa makosa mengi anarudishwa nyumbani. "Lakini kama nimeudaka," akasema, "hata ungekuja vibaya namna gani, hauitwi kosa. Yamekwisha. Kijana anashusha pumzi, anaendelea. Wengine kati yao walipanda juu wakakaa. Nilikuwa nikisikia majina yao redioni."

"Na wewe, mwishowe uliachaje?"

"Waliniletea kijana wa kuchukua kituo changu. Wakaniambia nimfundishe, halafu niende."

Nikamgeukia. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote pale shuleni juu ya yule msichana wa chuo.

"Ukafanya nini?"

"Nililia kwenye choo cha uwanja. Halafu nikamfundisha."

"Lakini kwa nini, mwalimu? Si angejua mwenyewe?"

Alinitazama kama vile swali lilikuwa la ajabu. "Alikuwa anaweka mguu vibaya, katikati ya njia ya mkimbiaji. Angeumizwa. Ningekaa nimtazame tu?"

Sababu ndiyo hiyo tu, mwanangu. Nilingoja aniongezee neno kubwa, neno la mimbarini. Hakuwa nalo. Tuliagana sokoni, nikarudi nyumbani. Jumatatu nilimwita yule msichana nikamwonyesha kila kitu, pamoja na yale niliyokusudia ayatafute mwenyewe. Yule daktari wa Machakos nikamwambia ahsante, lakini sitakuja. Mwisho wa mwezi nikapanda lori la wafanyabiashara wa mifugo, nikaenda Tseikuru nikiwa na godoro, sanduku, na swali moja tu kichwani: watu wa huko wanaishije?

Na huko, nisikilize vizuri, ndiko nilikoelewa uzito wa maneno ya baba. Kulikuwa na familia ya Waislamu kutoka kaskazini mashariki, wenye duka na ngamia kadhaa. Mke wa kijana wao, Fatuma, alikuwa mjamzito. Mimba mbili za mwanzo watoto walikufa wakati wa kuzaliwa. Alikuwa amevimba miguu na uso, na mimi nilijua hiyo ni hatari, lakini mama mkwe wake, Mama Halima, hakutaka kabisa aletwe zahanati. Nesi aliyenitangulia alikuwa amemgombeza hadharani, akamwita mjinga. Mdharau mwiba mguu huota tende. Tangu siku hiyo mlango ulifungwa.

Nilikwenda. Nilikuwa na hotuba yangu tayari, nayo ilikuwa kali. Mlangoni nikaimeza.

"Mama," nikasema, "mimi ni mgeni hapa. Nyinyi kwenu mama akizaa mnafanyaje?"

Alinipima kwa macho. Akanipa kigoda, akanipa chai ya maziwa, na akaanza. Alieleza asubuhi nzima. Alieleza nani hushika mgongo, nani hukaa kichwani, dua ipi husomwa, kwa nini mwanamume hapaswi kuwa karibu. Mengine yalinishangaza, mengine niliyaona ni mema kuliko yetu, nikamwambia hivyo. Alipofika kwa wale watoto wawili aliweka kikombe chini. Akafuta macho kwa ncha ya shuka.

"Huko kwako," akaniuliza, sasa yeye ndiye anauliza, "nikija nitaruhusiwa kukaa kichwani pake?"

"Mama, nani mwingine akae?"

Walimleta Fatuma jioni ileile. Tukamlaza na kumtunza hadi siku yake ilipofika, na Mama Halima akakaa kichwani. Mtoto akatoka, kimya kwanza, halafu akalia kilio ambacho hata madereva wa malori huko nje walikisikia. Alikuwa msichana. Fatuma naye alipona. Nilikaa Tseikuru muda mrefu kuliko nilivyokaa mahali pengine popote, na sikuomba kuhamishwa.

Mutua alirudi kwao baada ya baba yake kuugua. Sikumwona tena, na sijui alizeeka vipi. Hilo nalo hunipa hamu ya kujua hadi leo.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukikutana na mtu, usikimbilie kumuuliza alifika wapi. Muulize njia ilikuwaje. Wanaofika juu ni wachache, na hata hao hawakai sana. Kazi kubwa ya dunia hufanyika kwenye ngazi za katikati, na watu wa hapo wana mengi ya kukwambia kama utawapa nafasi. Uliza ukiwa tayari kushangaa. Na ukiombwa umfundishe atakayechukua nafasi yako, mfundishe, hata kama utalia kwanza. Kulia si dhambi.

Mungu akupe sikio linalosubiri na ulimi usio na haraka. Akupeleke na mahali ambapo hukuchagua, na huko akukutanishe na watu wa kukufumbua macho. Nyumba utakayoingia isikose chai, na mlango uliofungwa mbele yako ufunguke kwa neno lako jema. Amina, mwanangu. Nenda ukaulize.