Ushindi wa Lusubilo Bwawani Hasamba

Lusubilo alitengeneza redio pale Mlowo kwa miaka ishirini na sita, na mikono yake ilikuwa na sifa. Wateja walisema fundi huyu anaweza kumvisha mbu soksi. Mikono hiyohiyo ndiyo iliyomgeuka. Kilianza kidole gumba cha kulia, kikitetemeka kama kimeshika waya wenye umeme, kisha kiganja kizima. Daktari alimwambia ugonjwa wenyewe hauponi, hutulizwa tu kwa vidonge. Alipoona hawezi tena kuchomea hata waya mmoja, akafunga kibanda.

Lakini kilichomuuma zaidi hakikuwa kibanda. Zilikuwa manowari.

Yeye na Amoni, seremala wa Hasamba, walikuwa na mchezo wao wa miaka kumi na mitano. Kila mmoja aliunda manowari ndogo ya kuongozwa kwa rimoti, na kahawa ikishavunwa walizipiganisha kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe hadi moja izame. Mwanzoni watu waliwaona wendawazimu. Baadaye wakawa wanakuja kushangilia.

Mwaka huo Lusubilo aliazimia kuunda moja ya mwisho. Ilichukua miezi minane, maana ilibidi aunde kwa mdomo: yeye anaeleza, mkewe Rozi anafanya. Ubavu ulikuwa wa karatasi ngumu ya boksi iliyopakwa vanishi, ili risasi iweze kuutoboa, kama sheria yao ilivyotaka. Ndani wakafunga mota mbili za printa mbovu, na pampu ya kurushia maji kioo cha gari ili itoe maji yatakayoingia. Mizinga ilikuwa vipande vya bomba la friji, vikirusha gololi za baiskeli kwa nguvu ya upepo wa mtungi mdogo. Mizinga hiyo haikuzunguka. Ukitaka kulenga, sharti ugeuze meli nzima, na hapo ndipo mkono unapotakiwa kutulia.

"Nikaze zaidi?" Rozi aliuliza, bisibisi mkononi.

"Kaza, Mama Gloria. Basi, basi! Utapasua."

Siku ya pambano Lusubilo alimeza vidonge viwili badala ya kimoja. Havikusaidia. Meli yake ilikwenda upogoupogo kama mlevi anayetafuta mlango. Ya Amoni ikaizunguka, ikapata ubavu wazi kabisa, ikapiga. Gololi zikaangukia majini. Ikapiga tena, zikapita juu. Lusubilo akamtupia jicho mwenzake. Amoni hakuwahi kukosa namna hiyo.

Kisha meli ya Amoni ikaja ikasimama mbele ya mizinga ya Lusubilo, ubavu wazi, kimya. Kidole cha Lusubilo kikatetemeka juu ya kitufe, gololi zote zikatoka zenyewe. Karatasi ikatoboka. Maji yakaingia, wala pampu haikuyatoa. Meli ikainama, ikazama, na watu wakalipuka kwa vigelegele.

Lusubilo alisubiri watu wapungue.

"Pampu yako haikuwaka, Amoni."

"Imegoma."

"Usinidanganye. Umeizima."

Amoni alitazama maji. "Ningefanyaje, ndugu yangu? Niipige meli isiyoweza hata kukwepa?"

"Ndiyo, ungeipiga! Miaka yote hiyo hukuwahi kunihurumia hata siku moja. Ndiyo maana nilikuwa nakuja."

Machozi yakamtoka Amoni. Akavua viatu, akaingia bwawani kuipapasa meli yake.

Nyumbani Rozi alikuwa amesimama mlangoni. "Enhe, Baba Gloria?"

Lusubilo aliangalia vidole vya mkewe, vilivyochanjwachanjwa na wembe, vanishi bado imeganda kwenye kucha.

"Tumeshinda," akasema.

Rozi alipiga kigelegele hadi majirani wakatoka. Akachinja jogoo. Wakamzunguka Lusubilo wakitaka awasimulie, naye akawasimulia tangu mwanzo hadi mwisho, jinsi alivyomvizia Amoni, jinsi alivyogeuza meli kwa kasi, jinsi alivyolenga. Rozi alimshikia kikombe cha chai anywe, akicheka, akisema, "Mnamsikia mume wangu?"

Simu iliita mfukoni mwa Lusubilo. Alijua ni nani. Akaiacha iite mpaka ikanyamaza.

Mwaka uliofuata kahawa ilivunwa kama kawaida, ng'ombe wakanywa maji bwawani, na kati ya Lusubilo na Amoni hakuna aliyemwita mwenzake.