Divai ya Siku ya Posa

Jirani yangu Paschal Magese ndiye mtu pekee hapa Bariadi anayeweza kukueleza, bila kuulizwa, ni divai gani ya Ufaransa inayofaa mvua za kwanza zinapogonga bati. Mimi ni Mprotestanti wa wale wasiogusa hata togwa iliyolala, kwa hiyo haya si maneno ya mlevi wala ya mshindani. Ni maneno ya mtu aliyechoshwa.

Paschal alihudumia meza katika hoteli moja ya watalii kule Serengeti mpaka akaota mvi. Huko Wafaransa walimfundisha kufungua chupa, kunusa kizibo na kukunja uso. Wenzake walistaafu wakarudi na magodoro na mabati. Yeye alirudi na kizibuo, glasi za miguu mirefu, na majira ya mwaka ya kwake mwenyewe.

Kiangazi, vumbi la barabara ya Lamadi likipanda, ni wakati wa divai ya rangi ya waridi kutoka Provansi. Mvua za kwanza, watu wakiwa wameinama mashambani wakipanda pamba, ni Bozhole, ambayo anaapa inaelewana sana na michembe, vile viazi vitamu vyetu vya kukaushwa. Sato akiletwa kutoka ziwani, lazima Alzasi nyeupe. Msimu wa kuuza pamba ukifunguliwa na nyama choma ikafuka kila kona, hapo ni Bordo tu. Mji mzima humwita Bwana Bordo kwa kumcheka, naye huitika kwa furaha.

Chupa zenyewe humfikia mojamoja, kwenye buti la gari la dereva mmoja wa watalii anayemhurumia. Wafaransa walimwambia divai nyekundu inywewe ikiwa na joto la chumba, naye hajawahi kuwabishia. Chumba cha Paschal kina bati bila dari. Mwezi wa tisa Bordo yake unaweza kuipuliza kama chai, naye huipuliza, kisha anafumba macho na kusema inanukia ngozi na matunda ya msituni. Mkewe, Benedikta, husema kinachonukia ngozi ni viatu vyake.

Yote hayo tuliyavumilia. Balaa lilikuja Milembe alipochumbiwa.

Milembe ni binti yao wa pekee, nesi, aliyemsubiri mtu wa kueleweka mpaka shangazi zake wakaanza kumwombea kwa sauti. Mtu akapatikana: Elia, mwalimu, mtoto wa Mzee Kashindye wa Ngulyati. Milembe alimpenda kiasi kwamba ukimtaja tu anasahau chumvi kwenye mboga. Ilibaki wazee waje wazungumzie ng'ombe wa mahari. Lakini Mzee Kashindye alijulikana kwa jambo moja: akinyanyuka mahali kwa hasira, harudi. Posa za wanawe wengine wawili zilikufa hivyo hivyo, moja Lalago na nyingine Mwandoya, na wasichana wale wameshaolewa kwingine.

"Baba, wape soda," Milembe alimwambia.

"Soda ni ya kipaimara," alijibu Paschal. "Kwa mazungumzo mazito ya familia mbili ni Burgundi. Ni divai tulivu, haina fujo."

"Basi angalau iite waini. Wazee watakuelewa."

"Waini ni hiyo ya kwenye boksi. Hii ni divai."

Hapo ndipo ningepaswa kupiga kelele. Lakini nilikuwa nimealikwa kula, nikanyamaza.

Wageni walifika mchana. Mzee Kashindye alikuwa mbele na fimbo yake, nyuma yake mkewe mkubwa, Martha, ambaye ndiye mama yake Elia, na dada wa Mzee mwenyewe, Bibi Nyanjige.

"Mwadila," walisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Karibuni sana," aliitikia Benedikta, akawapokea mizigo. Walivua viatu mlangoni, wakaketi, wakala wali na kuku bila kubakisha. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno, na Paschal hakuweza kuvumilia.

Alitoka chumbani amevaa shati jeupe lililofungwa mpaka shingoni, kitambaa cheupe mkononi, chupa kifuani. Aliiweka mezani taratibu. Akaifungua, akaifuta mdomo kwa kile kitambaa. Akamimina kidogo tu, tone la kulowesha kitako cha glasi, maana ndivyo mgeni mkuu anavyoonjeshwa kule hotelini. Akainyanyua juu kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kimya. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya kazini:

"Mzee, hii ni divai. Imetoka Burgundi, kwenye mashamba yaliyoanzishwa na watawa."

Bibi Nyanjige alifanya ishara ya msalaba na kupiga magoti.

"Sijaungama," alinong'ona. "Mngetuambia mapema, tungeungama."

Kwa Wakatoliki wa vijijini kwetu, divai ni kitu kimoja tu, na kinakaa altareni. Bibi huyu hana kosa lolote. Na Mzee Kashindye, kama mkoa mzima unavyojua, alioa mke wa pili. Tangu siku hiyo hapokei komunyo. Kila Jumapili anakaa benchi la nyuma kabisa, anamwangalia Martha akienda mbele na kurudi, na hajawahi kukosa misa. Paschal alilijua hilo. Anajua divai ya samaki na divai ya nyama, na jambo hilo moja alilisahau.

"Unanipima?" Mzee Kashindye alisimama. "Umeniita kwako unioneshe mbele za watu kitu nilichokatazwa?"

"Mzee, sikuwa na maana hiyo..."

"Padri mwenyewe hajawahi kunidhalilisha hivi." Akachukua fimbo, akatoka.

Milembe hakupiga kelele. Alimtazama tu baba yake na kusema, "Umeivunja ndoa yangu kwa chupa yako, baba," machozi yakimshuka. Niliona aibu kwa ajili ya Paschal, na nilimchukia kidogo pia.

Paschal alitoka mbio, glasi bado mkononi, tukamfuata. Mzee Kashindye alikuwa mlangoni, ameshavaa kiatu kimoja na anautafuta mguu wa pili.

"Mzee, haijabarikiwa," Paschal alisema. Ile sauti ya hotelini ilikuwa imemwisha. "Nakuapia. Imekuja kwenye buti la gari, imelala juu ya tairi la akiba. Hakuna padri aliyewahi kuiona."

Mzee akaacha kutafuta kiatu. "Hata kuigusa?"

"Hata kuigusa."

Aliitazama ile glasi kwa muda mrefu.

"Lete."

Akaimaliza yote mara moja. Uso ukamkunjamana, na safari hii haukuwa mkunjo wa kitaalamu.

"Chachu," alisema. Akaendelea kwa sauti ya chini. "Niliionja siku moja tu. Siku ya ndoa yetu, padri alitunywesha kikombe mimi na mama Elia. Ilikuwa tamu, Magese. Tamu sana. Miaka yote hii nakaa kule nyuma nikiukumbuka utamu ule."

Paschal alifungua mdomo. Namjua, alikuwa na maelezo: aina ya zabibu, mwaka, jua la kule lilikotoka. Akaufunga. Nilimpenda jirani yangu wakati ule kuliko siku zote.

Aliyejibu ni Martha, kutoka nyuma yetu.

"Hata ile ilikuwa chachu, Baba Elia. Nilikunywa baada yako, najua. Ila wewe ulikuwa unaniangalia mimi."

Mzee Kashindye alimtazama mkewe, akamrudishia Paschal glasi yake. Kisha akainama, akakivua kile kiatu kimoja, akaingia ndani tukazungumze habari za ng'ombe.